Picha za mafunzo mpakani: Si kila inayopatikana mtandaoni inafundisha

NA MWANDISHI WETU

MAFUNZO kwa wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka wa Kenya na Uganda si jambo geni tena katika miji ya Busia na Malaba. Mara ni warsha ya akina mama wauzao nafaka, mara ni semina ya wahudumu wa bodaboda, mara ni darasa la siku mbili kuhusu taratibu za forodha. Washiriki huketi katika ukumbi wa kanisa au wa hoteli, projekta huwashwa, na ukutani hujitokeza picha. Makala haya yanahusu picha hizo: zinakotoka, zinachomwambia anayezitazama, na hasara inayoweza kumpata mfanyabiashara iwapo picha iliyochaguliwa inafundisha jambo lisilo kweli.

Mshiriki wa mafunzo ya mpakani huenda anazungumza Kisamia, Kiteso, Kikhayo, Kiganda au Kiswahili, na huenda masomo yake yaliishia darasa la nne. Karatasi za mkufunzi, kwa upande mwingine, mara nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Katika hali hiyo picha haiwi pambo la kupumzisha macho, bali huwa sentensi pekee inayosomwa na kila mtu ukumbini. Mshiriki anaporudi nyumbani, maelezo mengi yatakuwa yamemtoka, lakini picha ya fomu, ya dirisha la ofisi au ya gunia lililoharibika itakuwa ingali akilini. Ajabu ni kwamba waandalizi wengi huyapima maneno yao kwa majuma kadhaa, kisha hutafuta picha usiku wa kuamkia mafunzo, wakichukua ya kwanza inayopendeza.

Ya kwanza inayopendeza kwa kawaida haitoki Busia. Andika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya biashara ya kuvuka mipaka, na utaletewa meli zilizosheheni makontena, ramani za dunia zenye mishale ya buluu, na wanaume waliovaa suti wakipeana mikono. Andika jina la Kenya na utakutana na simba, twiga na vijana wa Kimaasai waliojitanda shuka nyekundu, ilhali Kaunti ya Busia ni makao ya Wateso, Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na jamaa zao, na simba wake wako vitabuni. Andika Malaba na kitakachotawala ni malori: ile misururu iliyofika kilomita nyingi mnamo 2020, madereva walipokuwa wakingoja matokeo ya vipimo vya Covid-19. Picha za malori hayo ni za kweli, na zilistahili kupigwa. Lakini mama anayevuka na trei kumi za mayai au madebe mawili ya maharagwe hajioni ndani yake, na mtu asiyejiona katika somo hudhani somo ni la wengine.

Hata hivyo, kujiona ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni usahihi wa kile kinachoonyeshwa. Tuchukue mfano wa kituo chenyewe cha mpakani. Aliyekuwa Rais wa Kenya, Bw Uhuru Kenyatta, na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walikizindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia tarehe 24 Februari, 2018. Kabla ya mfumo huo msafiri alisimama mara mbili: alimalizana na maafisa wa nchi anayotoka, akavuka, kisha akaanza upya mbele ya maafisa wa nchi anayoingia. Chini ya mfumo wa sasa maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Anayetoka Kenya kwenda Uganda hupita upande wa Kenya bila kusimama na kukamilisha shughuli zote upande wa Uganda; anayetoka Uganda hufanya kinyume chake. Malaba nako utaratibu ni huohuo.

Sasa fikiria mkufunzi aliyepata mtandaoni picha safi ya jengo la upande wa Kenya, akaiweka chini ya kichwa kinachosema "Unapopeleka bidhaa Uganda". Picha ni ya Busia, ni ya kweli, imepigwa vizuri, na bado inapotosha. Mshiriki atakayeifuata atajipanga katika foleni isiyo yake huku nyanya zake zikiiva juani, na hatimaye atamgeukia kijana fulani anayejitokeza kumwambia kwamba anajua njia ya mkato. Vivyo hivyo, picha zilizopigwa kabla ya mfumo huu kuanza huonyesha desturi ya kusimama mara mbili, na zile za 2020 na 2021 huonyesha barakoa, vipimajoto na vyeti vya vipimo ambavyo si sharti tena. Mtandaoni picha haizeeki. Ya mwaka 2009 hukaa bega kwa bega na ya mwaka jana, zote ziking'aa sawasawa, na tarehe huonekana tu kwa anayebonyeza na kuingia katika ukurasa ilikotoka. Ukurasa huo usipotaja tarehe wala mahali, ni heri picha iachwe.

Pesa nazo zina mtego wa namna hiyo. Tarehe 1 Juni, 2019 Kenya ilizindua noti mpya zenye sura ya jumba la mikutano la KICC, na noti ya zamani ya Sh1,000 ikakoma kuwa halali baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Picha za noti ile ya zamani zingali zimejaa katika tovuti. Mkufunzi anayewafundisha akina mama namna ya kujihadhari na wabadilishaji pesa wa mitaani, kisha akaiweka noti hiyo ukutani, anawazoesha kuiamini karatasi isiyo na thamani dukani.

Lakini mfano unaonifikirisha zaidi ni wa mahindi, kwa kuwa hapo picha inaweza kumgharimu mtu afya yake pamoja na mtaji wake. Mnamo 5 Machi, 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye biashara hiyo ilifunguliwa tena kwa masharti, yakiwamo kusajiliwa kwa waagizaji na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Wauza nafaka wa Busia na Malaba waliyahisi mabadiliko hayo mfukoni, na tangu hapo somo la kukausha na kuhifadhi mahindi halikosekani katika mafunzo ya mpakani.

Mwandalizi wa somo hilo akitafuta picha ya mahindi yenye sumukuvu, aghalabu hupata gunzi la Kimarekani: punje za manjano zilizoshikwa na ukungu wa kijani nchani. Ni picha bora ya kisayansi. Kasoro ya kwanza ni rangi. Huku kwetu mahindi ya chakula ni meupe, na kwa wazee wanaoikumbuka njaa ya 1984 mahindi ya manjano ni yale ya msaada yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mshiriki anaweza kuhitimisha kwamba tatizo ni la mahindi ya kigeni, au la chakula cha kuku, wala si la gunia alilonunua jana Tororo.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo haiondoki hata ukipata picha ya mahindi meupe. Sumukuvu haionekani kwa macho. Ukungu huonekana, lakini si kila ukungu hutoa sumu hiyo, na punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo. Picha mbili zilizopangwa sambamba, moja ya punje zenye ukungu ikiwa na alama nyekundu ya kukosea na nyingine ya punje safi ikiwa na alama ya vema, hupendwa sana katika vitini vya mafunzo. Zinachofundisha ni kwamba macho yanatosha: chagua, tupa mabaya, uza mazuri. Mama aliyeelewa somo hilo barabara ndiye atakayelishwa hasara lori litakapopimwa, na ndiye atakayewapikia watoto wake kwa imani. Picha zinazofaa hapa ni za vitendo: mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, magunia yaliyoinuliwa juu ya mbao, na kipima unyevu kinachoonyesha asilimia 13.5 au chini yake, kiwango kinachokubalika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo, kabla hujaandika neno lolote katika kisanduku cha kutafutia, jiulize ni tendo gani unalotaka mshiriki alifanye kesho. Tendo hilo ndilo la kutafutiwa picha.

Baada ya hapo huja suala la maneno ya kutafutia. Mitambo ya kutafuta picha, ambayo ya Google ilianza 2001, hutegemea kwa kiasi kikubwa maneno yaliyoandikwa kando ya picha na aliyeiweka, na aliyeiweka huenda hatumii neno lako. Neno la Kiingereza "corn" litakupeleka Marekani. "White maize" litakurudisha Afrika. Samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ni omena kwa Mkenya, mukene kwa Mganda na dagaa kwa Mtanzania. Anayetafuta kwa jina moja tu hupoteza picha za nchi mbili, ilhali anayetumia jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, huzipata za wote. Jaribu pia majina ya miji jirani: Tororo, Bungoma, Mbale, Kisumu, hata Mutukula kwenye mpaka wa Uganda na Tanzania au Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda, ambako vituo vya pamoja na biashara ndogondogo hufanana na vya kwetu. Kwa neno bodaboda hakuna shida, kwani lilizaliwa papa hapa mpakani katika miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hata hivyo, tazama kibao cha nambari: cha Uganda huanza kwa herufi U na cha pikipiki ya Kenya huanza kwa KM. Washiriki wa Malaba watakitazama kabla yako, na wakiona umechanganya nchi, imani yao kwako itapungua.

Ni wapi pa kutafuta? Hifadhi ya Wikimedia Commons, iliyoanzishwa 2004, ina zaidi ya faili milioni 100, na ubora wake kwetu ni kwamba kwa kawaida kila picha huandamana na jina la mpigaji, tarehe, mahali na leseni. Shindano la Wiki Loves Africa, linaloendeshwa tangu 2014, limeiongezea hifadhi hiyo maelfu ya picha zilizopigwa barani. Mwaka 2017 mada yake ilikuwa watu kazini, na mwaka 2020 ilikuwa usafiri. Katika Flickr mna makusanyo ya taasisi za utafiti wa kilimo kama vile CIMMYT na IITA, yenye mahindi meupe, maghala na wakulima wa Afrika. Tovuti za picha za bure kama Unsplash, Pexels na Pixabay ni rahisi kutumia na picha zake zinavutia mno, lakini mara nyingi hazisemi picha ilipigwa wapi, na soko la Accra au la Zanzibar huweza kupita kwa urahisi likidhaniwa ni la magharibi mwa Kenya.

Picha kuonekana mtandaoni si ruhusa ya kuitumia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda picha kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma. Sheria hiyo huruhusu matumizi ya haki kwa utafiti, kwa mtu binafsi, kwa uhakiki na kwa kuripoti habari, mradi chanzo kitajwe. Lakini kitini kilichochapwa na kugawiwa watu 200 ni vigumu kukihesabu kuwa matumizi ya binafsi. Njia salama ni kutafuta picha ambazo wenyewe wameziwekea leseni ya wazi. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002, ndizo zinazotumika zaidi, nazo husomeka kwa herufi chache. BY humaanisha mtaje mwenye kazi. SA humaanisha kwamba ukiibadilisha kazi, uitoe nawe kwa masharti yaleyale. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na hapo mkufunzi anayetoza ada ya warsha aangalie mara mbili. ND inakataza kusambaza picha iliyobadilishwa, hivyo ukikusudia kuondoa mandhari ya nyuma au kuchora mshale juu ya fomu, herufi hizo mbili zinatosha kukufanya utafute nyingine. Alama ya CC0 humaanisha mwenyewe ameachilia haki zote. Google ina kichujio cha haki za matumizi, lakini kichujio hicho huamini tu kilichoandikwa na mwenye tovuti. Huwezi kukwepa kuifungua tovuti yenyewe na kusoma.

Waandalizi wengi wakifika hapo huona kazi imekwisha, na hapo ndipo kosa zito zaidi hufanyika. Leseni hueleza haki ya mpigaji picha. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyepigwa.

Mtandaoni zimo picha za wanawake wakivuka kwa njia za panya, mizigo kichwani, zilizopigwa na wanahabari na wageni. Zimo pia picha za watu wenye ulemavu wa Busia ambao kwa miaka mingi wamesafirisha bidhaa kuvuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu, kazi ambayo watafiti wa chuo kikuu wameiandikia. Ukimweka mmoja wao ukutani chini ya maneno "Magendo ni hatia", unamshtaki mtu mbele ya majirani zake bila ushahidi wala nafasi ya kujitetea. Busia si London. Ukumbini mna shangazi yake, mna mteja wake, na pengine mna afisa wa forodha aliyealikwa kufungua warsha. Mwanamke huyo huenda aliacha njia hizo miaka kumi iliyopita na sasa ni mwanachama mwenye heshima wa chama cha wafanyabiashara. Huenda siku ile alikuwa akitoka shambani kwake. Mwandalizi aliyeko Nairobi hana njia ya kulijua hilo, na kwa maoni ya mwandishi huyu picha za watu kwenye njia za panya, zinazoonyesha sura, hazifai kutumika hata kidogo, leseni iwe ya wazi namna gani. Somo la hatari za njia hizo linaweza kufunzwa kwa mchoro, au kwa picha ya njia yenyewe bila mtu.

Sheria nayo imeanza kuuma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huichukulia picha inayomtambulisha mtu kuwa habari yake binafsi, na kwa mtoto idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi wachanga bila idhini ya wazazi. Kikundi cha akina mama wa Malaba hakina fedha za namna hiyo.

Siku hizi wapo wanaodhani wamelikwepa tatizo lote kwa kuziagiza programu za akili bandia ziwachoree picha. Hakuna mtu halisi wa kukosewa, wanasema. Ni kweli, lakini programu hizo hubuni kile zisichokijua. Zitakupa afisa wa forodha mwenye sare nadhifu na beji isiyo ya idara yoyote duniani, fomu yenye herufi zisizosomeka, na bendera ambayo ni nusu Uganda nusu Ujerumani. Katika mji ambao matapeli hujifanya mawakala au maafisa ili kuwatoza wageni "ada", kumfundisha mfanyabiashara sare ya uongo ni kuwarahisishia matapeli kazi. Picha ya soko la kubuniwa, iliyokusudiwa tu kupamba jalada, haina madhara makubwa iwapo itaelezwa hivyo. Picha ya fomu, sare, noti, mhuri au jengo isibuniwe kamwe.

Fomu ndiyo mahali ambapo intaneti husaidia zaidi, endapo utaifuata ilikotoka. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zinazotoka katika nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huweza kuvushwa kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa na maafisa wa forodha papo hapo mpakani. Mfanyabiashara asiyekitambua cheti hicho kwa sura huweza kulipa ushuru asiodaiwa, au kumlipa mtu amfanyie kazi isiyohitaji mtu. Kwa hiyo nakala yake ichukuliwe katika tovuti ya Jumuiya au ya mamlaka ya ushuru, au ofisini penyewe, wala si katika ripoti ya mradi uliokwisha zamani. Ionyeshwe kwa ukubwa unaosomeka, ikiwa imejazwa kwa mfano wa gunia la maharagwe, na pembeni iwekwe picha ya vibali vingine, kwa kuwa cheti hicho hakimwondolei mtu ukaguzi wa afya ya mimea wala wa ubora wa bidhaa. Picha ya cheti pekee huwafanya wengi waamini kuwa ndiyo karatasi pekee inayohitajika.

Mara nyingi, baada ya jioni mbili za kutafuta, mwandalizi hugundua kwamba picha anayoitaka haipo. Hilo si jambo la kushangaza, kwani ni wachache waliowahi kuja Busia kupiga picha ya mama akipanga trei za mayai mbele ya dirisha la forodha. Suluhisho ni kuipiga. Wapiga picha wapo mjini, simu za mkononi za sasa zinatosha, na wanachama wa kikundi wanaweza kuigiza hatua zote kwa hiari yao, wakiandikiana na mwandalizi picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Ndani ya kituo cha mpakani lakini usiitoe kamera kabla ya kupata ruhusa ya wasimamizi; hapo ni mahali pa usalama, na askari hatauliza kama unaandaa warsha.

Pengine mchoro unafaa kuliko picha. Mnamo 1976 shirika la UNICEF lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanavijiji wa Nepal kuhusu namna watu wasiozoea machapisho wanavyozisoma picha. Michoro yenye vivuli, na picha ambazo mandhari yake ya nyuma yameondolewa, zilieleweka vyema kuliko picha za kawaida zilizojaa vitu, na michoro ya kufupishwa mno ndiyo iliyoshindwa zaidi. Mwenye kutafuta mtandaoni alitie jambo hilo maanani anapovutiwa na zile alama ndogo za kisasa, kikapu cha mstari mmoja au mtu asiye na uso. Kwa aliyezoea tarakilishi kikapu hicho ni biashara. Kwa mwingine ni kikapu.

Njia ya kujua ni kuuliza, na haigharimu kitu. Kabla ya kuchapa, zichukue picha bila maneno yake, uende sokoni, uwaonyeshe watu watatu au wanne wasiojuana. Usiwaulize kama wanaelewa, maana mtu mwenye adabu hukujibu ndiyo. Waulize wanaona nini, na mtu huyo kwenye picha anafanya nini, na atafanya nini baadaye. Mama mmoja akisema anaona mahindi ya msaada, umeokoa nakala mia mbili.

Kisha itolee picha fotokopi, kwa kuwa vitini vya Busia na Malaba huchapwa kwa rangi mara chache sana. Ukungu wa kijani hugeuka doa jeusi lisilo na maana. Uso wa mtu mweusi aliyepigwa picha kinyume cha jua hupotea kabisa na kubaki kivuli. Hilo ni tatizo la mwanga wala si la mashine, na dawa yake ni kuchagua picha ambayo uso umeangaziwa vizuri. Ukubwa nao upimwe. Picha yenye upana wa nukta 1,200 huchapika vizuri kwa upana wa sentimita kumi hivi. Ile ndogo iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa matokeo ya utafutaji, au iliyopita katika WhatsApp mara tatu, itaonekana safi kwenye simu na kuwa ukungu mtupu kwenye karatasi.

La mwisho ni kumbukumbu. Kila picha inapohifadhiwa, andika kando yake jina la mwenye kazi, anwani ya ukurasa, aina ya leseni, mahali na tarehe ilipopigwa, pamoja na siku uliyoichukua. Daftari la kawaida linatosha. Mwaka unaofuata, warsha hiyohiyo inaporudiwa na mkufunzi mwingine, atafungua daftari hilo na kwenda nalo mpakani asubuhi moja, akalinganishe kila picha ya fomu, ya dirisha na ya kibao na kile kilichopo siku hiyo, aondoe zilizopitwa na wakati kabla washiriki hawajaketi.